Naomba ushauri: nampeleka mgeni mkahawa wa familia Bologna, mambo ya kule yakoje?

Kijana wa Pongwe: Wakuu, shikamooni. Jumapili hii nina mgeni hapa Bologna, Italia. Nataka tukale mchana kwenye trattoria, mkahawa wa mama na wanawe, si hoteli kubwa. Tupo watano. Naomba mpangilio wa kula, bei na aibu za kuepuka. Usingizi sipati.

Bi Mkubwa Jikoni: Jiko hufunguliwa kama saa 6:30 hadi 8:30 mchana, ukienda saa 10 utakuta viti juu ya meza. Menyu ni antipasto (vya kufungulia), primo (tambi au supu), secondo (nyama), contorno (mboga, hulipiwa mbali), kisha dolce (kitamu). Si lazima zote. Kwenye bili utakuta coperto, euro 2 au 3 kwa kichwa. Ni mkate na kitambaa hicho, usianzishe ugomvi.

Kobe Mzee: Kapuchino baada ya chakula usiagize. Wala usitaje spaghetti bolognese: ragù (mchuzi wa nyama ya kusaga) pale huliwa na tagliatelle (tambi bapa), na upana wake umesajiliwa Chemba ya Biashara tangu 1972, milimita 8 zikishaiva.

Mama Nuru: Mgeni ni nani? Mbona unamzungusha?

Kijana wa Pongwe: Baba mkwe mtarajiwa. Ni ustadhi, wa Tanga. Ila msinivamie, chakula nimeshaagiza: tortellini (tambi zilizojazwa nyama) kwenye supu, cotoletta (mnofu wa kukaangwa), halafu zuppa inglese, ile dolce. Nimetanguliza euro 50. Tortellini zenyewe ndogo, nyama imesagwa, haionekani.

Mama Nuru: Haionekani na Mungu? Ndani ya tortellini kuna mnofu wa nguruwe, prosciutto na mortadella, pamoja na jibini, yai na kungumanga. Kitimoto mara tatu kwenye tonge moja! Cotoletta ya Bologna hufunikwa prosciutto, na kwa desturi hukaangwa kwa strutto, mafuta ya nguruwe. Zuppa inglese hulowekwa alchermes, pombe nyekundu.

Dereva wa Usiku: Mahari itapanda hapo hapo mezani 😂

Kijana wa Pongwe: Nikibadilisha iwe ragù? Ile si ni ng'ombe?

Kobe Mzee: Ng'ombe yumo, na mwenzake yumo. Ragù iliyosajiliwa 1982 ina pancetta, nyama ya tumbo la nguruwe, na divai.

Wakili wa Kijiweni: Hii chai. Jumapili hii ni katikati ya Agosti. Wiki ya Ferragosto, sikukuu yao ya Agosti 15, mikahawa mingi ya familia Bologna imefungwa, wenyewe wako ufukweni. Na supu ya moto kwenye joto lile, nani anakunywa? Weka risiti.

Kijana wa Pongwe: Si mjini, ni kijijini milimani, Apennini. Huko Agosti ndiyo msimu, watu wa mjini wanapanda kukimbia joto. Risiti ina jina langu, siweki.

Wakili wa Kijiweni: Kumbe haipo.

Bi Mkubwa Jikoni: Iwe chai iwe kahawa, jibu litamfaa mwingine. Piga simu leo, sema: "Uno di noi non mangia maiale né strutto, e niente alcol," yaani mmoja wetu hali nguruwe wala mafuta yake, na pombe hapana. Omba tortelloni badala ya tortellini. Herufi moja tu, ila ni kubwa, ndani mna ricotta na kotimiri, juu siagi na majani ya salvia. Secondo chukua frittata (kimanda) ya mboga, usisitize "olio, non strutto", mafuta ya kawaida, si ya nguruwe. Nyama ya ng'ombe iache, haijachinjwa kihalali. Kapu la crescentine likija, lisimfikie mzee: vile vimandazi kawaida hukaangwa kwa strutto. Jibini la Parmigiano hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, na mashekhe wanahitilafiana. Hilo muulize mwenyewe kabla, si mbele ya sahani.

Kijana wa Pongwe: Ahsante Bi Mkubwa, napiga sasa hivi. Ila divai ya Lambrusco chupa mbili nilishaagiza, kwa ajili ya wale wengine. Zikiwekwa upande wa pili wa meza si haina neno?