Msaada wakuu: baba yake babu ameendelea kuzaa akiwa kaburini

Mjukuu_Mtafiti:
Wakuu, salaam. Miezi mitatu iliyopita nilianza kujenga mti wa ukoo kwenye tovuti moja ya nasaba. Mwanzo ulikuwa mtamu. Niliweka wazazi, babu na bibi wa pande zote mbili, tovuti ikaanza kuniletea vidokezo kwamba huyu na yule huenda ni ndugu zangu. Nikawa nabofya kukubali tu. Usiku mmoja niliongeza watu 140!

Juzi ndiyo nikatulia kusoma tarehe. Baba yake babu alizaliwa 1866 na kufariki 1929. Mtoto wake wa kwanza kaandikwa wa 1871, wa mwisho wa 1938. Yaani kaanza kuzaa akiwa na miaka mitano, na kuzikwa hakukumzuia.

La pili, binamu yangu anachangia mti huohuo, na kamwandika shangazi yetu kuwa marehemu. Shangazi ni mzima wa afya, na kajiona mwenyewe. Maneno aliyonipa kwenye simu nitayakumbuka milele.

Nifute nianze upya, au panatengenezeka?

Daftari_Kuukuu:
Usifute kitu. Kwanza tuambie, mti ni wako peke yako au wa pamoja? FamilySearch, WikiTree na Geni zina mti mmoja mkubwa wa wote, na kila mtu anapaswa kuwa na ukurasa mmoja tu. Ancestry na MyHeritage kila mwanachama hujenga wake. Kwenye wa pamoja, ukifuta unawafutia na wenzako.

Mjukuu_Mtafiti:
Wa pamoja mkuu.

Daftari_Kuukuu:
Basi hapo una wanaume wawili, pengine watatu, wenye jina moja walioshonwa wakawa mmoja. Fungua ukurasa wake utafute historia ya mabadiliko. Utaona nani aliunganisha kurasa na lini. Tengua muungano mmoja mmoja, ukianza na wa karibuni, na kila ukitengua andika sababu ili mwingine asije akaunganisha tena wiki ijayo.

Halafu chukua karatasi. Ndiyo, karatasi. Kila hati iliyoambatishwa kwake ipe mstari wake: mke ni nani, aliishi wapi, kazi gani, mashahidi wa ndoa au wasimamizi wa ubatizo ni akina nani. Jina na mwaka peke yake havimtambulishi mtu. Mke, mahali na majirani ndivyo vinavyomtambulisha. Hati zinazokubaliana kwa hayo ziweke fungu moja, zinazogombana zitenge. Utashangaa jinsi watu hao wawili wanavyojitokeza wenyewe mezani.

Na vidokezo, punguza kidole. Ile ni mashine inalinganisha majina na tarehe, haimjui babu yako. Mti wa mtu mwingine nao si ushahidi. Ukikuta miti 20 inasema jambo moja, mara nyingi 19 imenakili wa kwanza.

Chekacheka:
Mimi nilifika mpaka kwa mfalme, nikatangaza ukoo mzima. Kumbe nilipanda mti wa watu. Vizazi 10 nyuma peke yake ni nafasi 1,024 za kujaza, anayekwambia kazijaza zote muombe hati.

Mama_Kumbukumbu:
Nadhani najua alichofanya binamu. Kwenye mti wa pamoja, taarifa za walio hai hufichwa. Aliona shangazi haonekani kwa wengine, akaona njia ya mkato ni "kumzika". Rekebisheni leo hii, si kesho. Tarehe ya kuzaliwa na jina la mama kabla ya kuolewa ndiyo mambo yanayoulizwa mtu anapotaka kufungua akaunti aliyosahau nenosiri. Na watoto wadogo wa ukoo msiwaweke hadharani kabisa.

Mtego mwingine: programu haielewi "baba mdogo" wala "ndugu". Inajua mzazi, mtoto na mwenzi tu. Mtu akikwambia "huyu ni mdogo wangu", muulize tumbo gani, baba gani, kabla hujamuunganisha. Nimeona mabinamu wengi waliogeuzwa kuwa ndugu wa tumbo moja.

Fundi_Faili:
Naongezea. Uwe na nakala yako nje ya mtandao. Gramps ni programu ya bure, inakaa kwenye kompyuta yako na hakuna wa kukuchezea. Mti hubebwa kwa faili la GEDCOM, muundo uliotoka 1984 na karibu programu zote zinausoma. Ila angalia, faili hilo kwa kawaida hubeba maandishi, picha zinabaki nyuma. Zihifadhi pembeni.

Kipimo_Tu:
Pima vinasaba umalize ubishi.

Daftari_Kuukuu:
Haumalizi hivyo. Binamu wa kwanza hushiriki wastani wa asilimia 12.5, kwa hiyo kipimo kitakwambia ni ndugu, hakitakwambia yule wa 1938 ni mtoto wa nani. Na kinaweza kufichua jambo ambalo mwenzako hakutaka lijulikane.

Mama_Kumbukumbu:
Mleta uzi, unahangaika na mashine na shangazi yupo? Mpigie, muombe radhi, washa kinasa sauti. Usimuulize mwaka. Muulize nani alimtangulia nani, nani alikuwa bado mgongoni wakati wa msiba gani.

Mjukuu_Mtafiti:
Mrejesho. Nimetengua miungano minne, na shangazi nimemrudisha kwa walio hai, nikampigia kumjulisha. Alicheka, kisha akaongea saa mbili. Kumbe baba yake babu alikuwa na mtoto wa kaka yake aliyepewa jina lake hilohilo, na ndiye aliyekuwa na watoto wadogo miaka ile ya 1930. Wa 1938 nimemhamishia huko, chanzo nikaandika "maelezo ya shangazi" mpaka nipate hati. Huyu wa 1871 hata yeye hamjui. Nimemwacha peke yake, bila wazazi.