Msaada: nimepata samansi ya ushahidi, sijawahi kupanda kizimbani

Fundi Cherehani
Wakuu, kesi ni ya mtoto wa jirani hapa Makorora, Tanga, miaka tisa, kafanyiwa ukatili, mnaelewa wa aina gani. Mimi ndiye niliyemkuta analia nikampeleka kwa mama yake. Polisi nilishaandika maelezo. Nasikia wakili wa utetezi anaweza kukuvuruga mpaka usahau jina lako. Hivi mtu akijibu "sikumbuki" kuna tatizo?

BintiPangani
Muone wakili wa serikali kabla ya siku yenyewe, omba ujikumbushe maelezo yako. Mbele ya hakimu sema ulichoona na kusikia mwenyewe, ya kuambiwa waachie wenyewe. Swali usilolielewa, omba lirudiwe. Kesi hizi husikilizwa faragha, hakuna kadamnasi. Ila mbona unapanga kusahau mapema hivyo?

Mzee wa Dagaa
Mimi nilikuwa shahidi wa mashine ya boti iliyoibwa Sahare. Iliahirishwa weee, mpaka mwizi akawa ananiamkia shikamoo.

Ustadh Mtulivu
Ushahidi ni amana, anayeuficha moyo wake umeshaingia dhambi. Na wazazi nao, mtoto alikuwa anazurura wapi?

BintiPangani
Ustadh, mtoto hajashtakiwa. Fundi, mshtakiwa ni nani kwako?

Fundi Cherehani
Shemeji. Fremu ninayoshonea ni yake, na dada ana kichanga. Wazee wameshakaa, wanataka yaishe kifamilia. Sijasema nitadanganya! Nimekata tu tiketi ya Mombasa, nafuata vitambaa. Nisipokuwepo si watajuana wenyewe?

Dereva Horohoro
Vitambaa vimeisha barabara ya kumi na mbili yote? 😂

Karani Mstaafu
Ukiruka wito, hakimu anaweza kutoa hati ukamatwe. Wala usidhani kesi itakufa. Tangu 2016 mtoto wa umri huo si lazima aapishwe, anaweza kuahidi tu kusema kweli, na kwenye makosa haya mahakama ikimwamini inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wake peke yake.

Mpima Chai
Hii chai. Akaunti ya juzi, shemeji, fremu, tiketi, vyote vimejipanga. Tupia picha ya samansi.

Karani Mstaafu
Usithubutu. Mambo ya mtoto hayaanikwi humu.

Mpima Chai
Si nilisema? Na tangawizi imo.

Fundi Cherehani
Fikirini mnavyotaka. Jana mama yake kaja kuniuliza siku hiyo tutoke saa ngapi.

BintiPangani
Ukamjibuje?

Mzee wa Dagaa
Samahani, kama fundi anahama, hiyo fremu kodi bei gani?