Spageti na nyama ya kusaga kwenye sufuria moja: inawezekana bila kugeuka bokoboko?

MkaaGhorofani
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wenu, Jumamosi nina wageni.

Naishi ghorofa ya tatu hapa Dar, na jiko langu ni lile la gesi ambalo kichomeo kinakaa juu ya mtungi wa kilo 6. Moto mmoja, sufuria moja. Maji ya bomba huku juu hayapandi kila siku, nabeba madumu. Sasa kuchemsha sufuria nzima ya maji kisha kuyamwaga yote ili nichuje spageti, moyo unakataa. Nataka nipike rosti ya nyama ya kusaga na spageti iivie humo humo. Watu ni sita, wawili kati yao ni wadogo zake mke wangu, vijana wanaokula kwelikweli.

Dada yangu kasema nikithubutu nitawatengea wageni bokoboko.

Nilivyonavyo: spageti pakiti moja ya gramu 500, nyama ya ng'ombe nusu kilo (bado sijainunua), vitunguu, nyanya, karoti, hoho, nyanya ya pakiti. Ninachotaka kujua: maji kiasi gani, spageti inaingia wakati gani, na je, niivunje?

Mla Bada
Gramu 500 kwa watu sita, na wawili ni vijana? Songa na ugali, mkuu. Mimi nimemaliza.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo
Mwanangu, dadako huyo hajapata kula tambi? Tambi za futari tunazikaanga sufuriani mpaka zipate rangi, tunatia maji ya kipimo, sukari, hiliki na zabibu kavu, tunafunika, zinajikausha wenyewe. Umewahi kumwona bibi wa Unguja anachuja tambi? Spageti ni mwendo huohuo, ila badala ya sukari kuna mchuzi, na hutaki zikauke kabisa. Kazi yote iko kwenye kipimo cha maji, kama pilau.

Fanya hivi. Kabla ya yote chemsha maji, yatie kwenye chupa ya chai ili ule moto wako mmoja ubaki huru. Tafuta sufuria pana na nzito, hizi nyembamba zinaunguza chini kabla juu hakujaiva. Mafuta vijiko vitatu vya kulia. Kaanga vitunguu maji viwili vikubwa vilivyokatwa vidogovidogo mpaka vibadilike rangi, tia thomu na tangawizi iliyotwangwa, halafu nyama. Nyama ikishakauka, tia karoti ya kukwaruza, tungule tano za kusaga na vijiko viwili vya nyanya ya pakiti. Wacha mchuzi uive mpaka mafuta yapande juu. Usiuharakishe, tungule mbichi haina dawa baadaye. Hoho mwishoni, isipoteze harufu.

Hapo ndipo maji yanaingia, ya moto, lita moja na robo kwa pakiti yako ya gramu 500. Utauona mchuzi umekuwa mwepesi kama supu na utaogopa. Usiogope, spageti itayanywa yote. Bakiza vikombe viwili kwenye chupa kwa dharura. Chumvi tia kwa mkono wa bahili: maji ya kuchuja huondoka na chumvi yake, haya hayaendi popote. Na kama unatumia viungo vya pakiti, onja kwanza, vingi vina chumvi tayari.

Vunja spageti vipande viwili ili zote zizame. Dakika tatu za mwanzo usitoke hapo jikoni hata simu ikiita. Ule unga wa juu unapolainika ndipo zinapogandana, na zikishagandana huzitenganishi tena. Pitisha mwiko chini kabisa, zungusha. Baada ya hapo punguza moto, funika ukiacha uwazi kidogo, na koroga kila baada ya dakika mbili hivi.

Muuza Bucha
Shikamoo Bi Mkubwa. Naomba nikupinge kwenye nyama tu.

Nyama iingie ya kwanza, sufuria ikiwa na moto haswa, kabla ya kitunguu. Kitunguu kina maji na nyama ya kusaga ina maji, ukivikutanisha mapema vinachemkiana na nyama inabaki ya kijivu. Itandaze kwenye mafuta ya moto, iache bila kuigusa mpaka maji yaliyotoka yakauke na chini ianze kuwa kahawia, ndipo uivunjevunje na kuigeuza. Ule ugando wa kahawia unaoshika chini ndio utamu wa rosti. Kitunguu kikija baadaye, maji yake yanaubandua wenyewe. Ila usiruhusu uwe mweusi.

Na mkuu, tafadhali: nyama ikishasagwa haioshwi. Naona watu wanaitia kwenye chujio na kuifungulia maji, wanaondoa ladha yote na kurusha uchafu jikoni kote. Ukitaka kuiosha, chagua pande lako buchani, lioshwe likiwa zima, lichuruzike maji, ndipo lisagwe mbele ya macho yako. Chukua sehemu yenye mafuta kidogo, steki tupu itakuwa kavu. Na isilale kwenye mfuko mpaka jioni, iliyosagwa inaharibika haraka kuliko pande zima.

MkaaGhorofani
Asanteni sana. Bi Mkubwa, shikamoo. Nimeona mantiki ya nyama kuanza, naomba ruhusa nifuate hiyo. Sasa dakika ngapi? Pakiti imeandikwa 10.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo
Marahaba. Mfuate kijana wa bucha, nyama ndiyo kazi yake. Mie nitaendelea na kitunguu changu.

Dakika hesabu 13 mpaka 15. Mchuzini spageti inaiva polepole kuliko kwenye maji matupu yanayotokota. Ila usiangalie saa, tafuna. Epua mchuzi ukiwa bado unatembea kidogo, funika dakika tano, utakuta umeshika. Ukingoja ushike ukiwa motoni, mezani utakata kwa kisu.

Jirani wa Eastleigh
Niongeze ya huku Nairobi. Majirani zangu Wasomali wanapika baasto, yaani pasta kama hizi spageti, karibu kila siku, tangu enzi za Waitaliano kule Somalia, na mchuzi wao wa nyama ya kusaga unaitwa suugo. Siri iko kwenye xawaash, viungo vilivyokaangwa bila mafuta kisha vikasagwa: bizari nyembamba, mbegu za dania, pilipili manga, iliki, mdalasini na manjano. Kijiko kimoja cha chai kwa nusu kilo ya nyama kinatosha, kitie pamoja na thomu kabla ya nyanya. Majani ya dania juu wakati wa kupakua.

Halafu weka ndizi mbivu pembeni, kila mtu na yake. Tonge la spageti, kipande cha ndizi. Najua mtacheka.

Mla Bada
Ndizi mbivu na nyama ya kusaga. Niliwaambia ugali.

Jirani wa Eastleigh
Onja kwanza ndugu yangu, kisha uje ubishe.

Msafiri_Bari
Salaam kutoka Italia. Hapa kuvunja spageti mbele ya mama wa mtu ni kutafuta ugomvi, na wengi watakuambia lazima uchemshe kwenye maji mengi, lita moja kwa kila gramu 100. Bologna ndio wakali zaidi kuhusu mchuzi wa nyama, mwaka 1982 waliuandikisha rasmi kwenye chemba yao ya biashara. Nao kwa desturi hawauli na spageti kabisa, wanatumia tagliatelle, zile pana za mayai.

Lakini hapa Bari nilipo kuna chakula kinaitwa spaghetti all'assassina. Spageti mbichi, kavu, inawekwa kwenye kikaango cha chuma pamoja na nyanya, na supu ya nyanya inaongezwa upawa kwa upawa mpaka iive na kuungua kidogo kingo. Hakuna kuchuja. Kwa hiyo mwambie dada hata wenyewe wanafanya.

Mchango wangu hasa ni pakiti. Geuza usome viambato. Sheria ya huku tangu 1967 inataka pasta kavu iwe ya semolina ya ngano ngumu, ile inayoandikwa durum. Hiyo inavumilia kukorogwa. Pakiti nyingine madukani huko nyumbani zimechanganywa na unga wa ngano wa kawaida. Kama yako ni hiyo, anza na lita moja tu, ongeza ukiona haja, na anza kutafuna dakika ya nane. Bokoboko nyingi zinazolaumiwa sufuria moja ni za pakiti ya namna hiyo.

Na ukiona nyanya zimekuwa kali, nusu kikombe cha maziwa kabla ya kutia maji. Wale wa Bologna nao wanayatia.

MkaaGhorofani
Nimegeuza. Yangu imeandikwa "wheat flour" tu, hakuna durum. Nibadilishe?

Msafiri_Bari
Kama duka la jirani lina ya durum, badilisha. Kama halina, chukua makaroni mafupi. Hayahitaji kuvunjwa, yanazama yenyewe na hayagandani kama spageti. Kwa moto mmoja mimi ningepika makaroni hata kama durum ipo.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo
Hapo sikupingi.

Mama Tatu
Naomba kudandia uzi. Mimi sina gesi, ni mkaa. Moto unapunguzwaje? Na ikishika chini inakuwaje?

Bi Mkubwa wa Ng'ambo
Bibie, rosti pika na mkaa wote. Ukishatia spageti na zikachemka zile dakika tatu, toa makaa nusu, yaliyobaki yafunike jivu kidogo. Zikishika, usikwangue wala usikoroge. Hamishia za juu kwenye sufuria nyingine taratibu, za chini ziache hapohapo. Ukikwangua mara moja tu, harufu ya moshi inaingia chakula kizima.

MkaaGhorofani
La mwisho kwangu: nikipika pakiti mbili kwa ajili ya wale vijana, maji nayo mara mbili?

Muuza Bucha
Sufuria pana kwenye jiko la juu ya mtungi, imejaa, na wewe unakoroga? Itapinduka. Pika pakiti moja, nyama ongeza iwe robo tatu, na usikilize ya Mla Bada.

Mla Bada
😂😂 Sembe kilo moja, mkuu. Songa kabla, ifunike kwenye hotipoti, ndipo uanze hayo mengine.