Leseni "ya maisha" iliyokufa na laptop: programu za HDR zinatupiga, wapiga picha fungueni macho

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa nimekasirika na sioni sababu ya kuficha. Biashara ya programu za kuhariri picha za HDR, yaani picha kadhaa za mwanga tofauti zinazounganishwa kuwa moja, imejaa ujanja ujanja, na anayeumia ni mpiga picha wa kawaida, yule wa vyumba vya wageni, nyumba za kupangisha na kumbi za harusi, ambaye hela ya programu inatoka mfuko uleule unaolipa nauli, bando na LUKU. Vijana wanauliza humu kila mara wanunue programu gani ya bei nafuu, na majibu wanayopata ni viungo vya matangazo. Nimechoka kuona hivyo.

Lililonikuta ni hili. Nilinunua programu ya HDR ya kampuni moja ya nje, kwa dola, leseni ya kudumu. Ukurasa wao wa mauzo uliandika kwa herufi kubwa kwamba ukilipa mara moja unatumia maisha yako yote. Ilifanya kazi vizuri, sina neno hapo. Halafu laptop ikaungua ubao mama, fundi akasema haitengenezeki. Nikatafuta nyingine ya mtumba, nikaweka programu, nikaingiza namba ya leseni. Nikaambiwa idadi ya kompyuta imefika mwisho, nikaiondoe kwanza leseni kwenye mashine ya zamani. Mashine ya zamani haiwaki! Nikawaandikia huduma kwa wateja, nikaambatanisha risiti. Jibu likaja limejaa pole na asante, ila kiini chake kilikuwa sentensi moja tu: toleo lako halihudumiwi tena, nunua jipya tutakupunguzia bei.

Nikarudi kusoma masharti mstari kwa mstari. Kumbe chini kabisa, kwa herufi ndogo, leseni ni ya toleo hilo tu, na kampuni inaweza kusimamisha huduma ya kuhakiki leseni muda wowote itakaotaka. Programu yenyewe haijaharibika. Faili ninazo, ufunguo ninao, risiti ninayo. Kinachonizuia ni seva yao kukataa kusema ndiyo. Huu ni wizi, na neno la adabu zaidi ya hilo sina.

Sasa tuangalie kazi yenyewe tunayouziwa kwa bei hizi, maana wengi wanalipa kwa kuamini kuna uchawi ndani.

Chukua chumba cha nyumba ya wageni kule Mji Mkongwe, Unguja. Kitanda cha mbao nzito, chandarua cheupe, kuta nene, na dirisha moja linalotazama bahari saa sita mchana. Ukipima mwanga kwa ajili ya kitanda, dirisha linakuwa karatasi nyeupe, bahari yote imepotea. Ukipima kwa ajili ya bahari, chumba kinakuwa pango. Unachofanya ni kuweka kamera kwenye tripodi, ISO 100, f/8, unapiga picha tatu: 1/60, 1/15 na 1/4 ya sekunde. Kila moja inapokea mwanga mara nne ya iliyotangulia, kwa hiyo ya mwisho imepata takriban mara 16 ya ile ya kwanza. Ya giza imeshika bahari, ya mwanga imeshika pembe za chumba na mbao za kitanda. Kompyuta inatakiwa kuchukua kizuri cha kila moja na kutengeneza picha moja. Basi.

Hesabu za kazi hiyo hazimilikiwi na hawa wauzaji. Njia ya kurudisha mwanga halisi kutoka picha kadhaa ilichapishwa na Debevec na Malik mwaka 1997. Njia nyingine ya kuchanganya picha moja kwa moja, bila hata kupitia faili kubwa la HDR, ilichapishwa na Mertens, Kautz na Van Reeth mwaka 2007. Hii ya pili inapima kila nukta ya picha kwa vitu vitatu, yaani ukali wa tofauti zake na jirani zake, wingi wa rangi, na ukaribu wake na mwangaza wa kati, kisha inaipa uzito nukta iliyo nzuri zaidi. Programu ya Enfuse, ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi, inafanya jambo hilohilo. Usiponiamini, weka Hugin, programu ya bure ya kuunganisha picha, kwenye Windows, Enfuse inakuja nayo, fungua dirisha la amri na uandike hivi:

align_image_stack -m -a sawa_ picha1.tif picha2.tif picha3.tif

enfuse -o chumba.tif sawa_0000.tif sawa_0001.tif sawa_0002.tif

Amri ya kwanza inapanga picha zikae sawasawa kama tripodi ilitikisika. Ya pili inazichanganya. Hakuna akaunti, hakuna kadi ya benki, hakuna seva ya kukuomba kibali. RAW zako, yaani faili ghafi za kamera, zigeuze kwanza kuwa TIFF za biti 16 ndani ya RawTherapee, nayo ni ya bure, ukihakikisha zote tatu zina mizani moja ya rangi nyeupe, la sivyo ukuta utatoka na mabaka ya rangi mbili. Mtu ambaye hajazoea dirisha la amri ataogopa siku ya kwanza. Avumilie, ni mistari miwili.

Kwa wanaotaka kubofya tu, darktable ipo, nayo ni ya bure. Unachagua RAW zako, unabofya kitufe cha kuunda HDR, inakupa DNG moja, yaani faili ghafi moja yenye mwanga wote ndani. Udhaifu wake nausema wazi: haipangi picha, kwa hiyo bila tripodi imara utapata kingo mbili mbili. HDRMerge inapanga, nayo inatoa DNG unayoweza kuifungua kwenye RawTherapee au darktable ukabana mwanga mwenyewe, yaani kupunguza tofauti ya giza na mwanga mpaka skrini iweze kuionyesha. Luminance HDR ina njia nyingi za kubana mwanga. Wanaoanza wengi hukimbilia ile iitwayo Mantiuk kwa sababu inachomoza kila kitu, na picha inaishia na chenga na ukungu mweupe kuzunguka fremu ya dirisha. Shusheni nguvu zake. Mteja wa nyumba ya wageni anataka chumba kionekane kama atakavyokikuta akifungua mlango.

Hapo kwenye ukungu wa dirishani nina hasira nyingine. Matangazo ya programu za kulipia yanaonyesha picha ya "kabla" na "baada", na hiyo "kabla" ni JPEG iliyopigwa vibaya makusudi! JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi. RAW ya biti 14 ina 16,384. Fungua RAW moja nzuri ya kamera ya kisasa, inua giza, shusha mwanga mkali, na mara nyingi utapata chumba na dirisha bila kuunganisha chochote. Kwa vyumba vyenye mwanga wa wastani huhitaji HDR kabisa. Hilo hakuna muuzaji atakayekwambia.

Kuna jambo ambalo programu za kulipia zinajisifia na kwa kiasi fulani zina haki: vitu vinavyotembea. Panga boi linalozunguka juu ya kitanda, chandarua kinachopeperushwa na upepo wa bahari, mnazi nje ya dirisha. Kwenye picha tatu, kila kimoja kiko mahali tofauti, na matokeo ni mabawa mengi mno ya panga boi na chandarua chenye kivuli chake pembeni. Baadhi ya programu za kulipia zinasafisha hivyo vizuri kuliko Enfuse. Lakini wakuu, zima panga boi! Funga chandarua kwa kamba yake. Kwa mnazi, chukua dirisha kutoka picha moja ya giza na ulipachike kwa tabaka ndani ya GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha. Ni kazi ya mkono, na matokeo yake mara nyingi ni safi kuliko ya mashine.

Haya, tuje kwenye kulipia kila mwezi. Lightroom 6 ya kampuni ya Adobe, ya mwaka 2015, ndiyo ilikuwa ya mwisho kuuzwa kwa malipo ya mara moja. Ule mpango wa dola 9.99 kwa mwezi ambao wengi mnaukumbuka, wenye GB 20 za hifadhi ya mtandaoni, ulifungwa kwa wateja wapya Januari 2025, na mpango wa TB 1 wenye Lightroom na Photoshop ni dola 19.99. Piga hesabu kwa shilingi 2,500 kwa dola: ni karibu elfu hamsini kila mwezi, karibu laki sita kwa mwaka. Na ukiacha kulipa, uhariri umefungwa. Kazi ya kuunganisha HDR wanaifanya vizuri, siwezi kudanganya, DNG yao ni safi. Lakini mtu anayepiga nyumba chache kwa mwezi anakodi kitu ambacho hatakimiliki kamwe. Na soma masharti ya kujitoa kabla ya kuweka kadi, kwa sababu mpango wa mwaka unaolipwa kidogo kidogo kila mwezi una ada ya kuuvunja. Juni 2024 serikali ya Marekani iliishtaki Adobe ikidai ada hiyo ilifichwa kwa wateja. Kama Wamarekani wenyewe walilalamika, mteja wa Mbagala au Mombasa atamlilia nani?

Na msidhani "bure" ya kampuni ni usalama. Nik Collection, mkusanyiko wa programu za kuhariri picha wenye HDR Efex Pro ndani yake, ilikuwa ya kulipia. Google wakainunua kampuni ya Nik mwaka 2012, Machi 2016 wakaitangaza bure, watu wakajenga kazi zao juu yake. Oktoba 2017 ikauzwa kwa DxO, na matoleo mapya yakarudi kuwa ya kulipia. Affinity Photo nayo inaunganisha HDR, na kwa miaka tuliisifia kwa kuwa unalipa mara moja. Canva wakainunua kampuni yake Machi 2024, na Oktoba 2025 wakaifanya bure, ila lazima uwe na akaunti ya Canva. Ni programu nzuri na anayetaka aitumie, mimi mwenyewe sitamzuia mtu. Ila kazi za wateja zisitegemee hiyo peke yake. darktable na RawTherapee ziko chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu kila mtu kutumia, kubadilisha na kusambaza msimbo. Toleo ulilonalo leo hakuna bodi ya wakurugenzi inayoweza kulizima kesho.

Wale wanaotangaza "programu zote elfu kumi kwenye flashi" nao waache. Programu iliyovunjwa ufunguo mara nyingi inaingia na virusi, inazuia masasisho, na siku faili za harusi ya mtu zikifungwa na wahalifu wa mtandaoni, fundi wa flashi hapokei simu. Sitaki kusikia hoja ya umaskini kwenye hili wakati za bure halali zipo.

Jambo jingine linalonikera ni kamera mpya. Unanunua kamera, programu yako ya kulipia haisomi RAW zake, unaambiwa lipia toleo jipya. Kabla ya kulipa, chukua Adobe DNG Converter. Hiyo ni ya bure kweli, inageuza RAW kuwa DNG, na programu nyingi za zamani zitaifungua. Wenye Canon zinazotoa RAW za aina ya CR3, darktable inazisoma tangu toleo 3.8 la Desemba 2021. Mpigaji picha anayelipia toleo jipya kwa sababu ya aina ya faili tu, anapigwa mchana kweupe.

Na neno HDR lenyewe limegeuzwa chambo. HDR ya simu, HDR ya televisheni, HDR ya picha zinazoonyeshwa kwa mwanga mkali zaidi kwenye skrini, iliyoletwa na Android 14 mwaka 2023, zote zimewekwa kapu moja kwenye matangazo. Programu ikijitangaza "HDR" haimaanishi inaunganisha picha tatu. Nimeona zinazochukua JPEG moja, zinakaza tofauti za mwanga, zinaita HDR na kuchaji hela. Kabla hujalipa shilingi, chukua seti yako mwenyewe ya RAW tatu, ipitishe kwenye toleo la majaribio, kisha ipitishe kwenye Enfuse. Kuza kwa asilimia mia, angalia fremu ya dirisha, nyuzi za chandarua, na pembe ya giza nyuma ya kitanda. Kama huoni tofauti inayostahili bei, funga pochi. Kama ipo tofauti na unaona inakulipa, nunua, lakini kwanza waulize kwa maandishi maswali haya: laptop ikifa, leseni naihamishaje bila kuiwasha? Seva yenu ikizimwa, programu itafunguka? Toleo hili litahudumiwa mpaka lini? Hifadhi majibu yao.

Mods, naomba uzi huu ubaki peke yake. Waliokwama na leseni kama mimi, wekeni hapa toleo na jibu mlilopewa, bila namba za leseni. Wenye laptop za RAM ya GB 4, semeni darktable inakimbiaje kwenu, maana hilo vijana wanauliza zaidi. Wauzaji wa viungo vya punguzo, kaeni mbali na huu uzi.