Mama anatimiza miaka 70, tuna laki moja tu ya keki na mapambo. Nipeni ujuzi

KitindaMimba

Habari za jioni wanajukwaa.

Tumezaliwa wanne, mimi wa mwisho. Tarehe 28 Desemba mama anatimiza miaka 70 na hajawahi kukata keki yake mwenyewe. Za wenzie kalishwa nyingi. Safari hii tumeapa. Sherehe ni nyumbani Muheza, watu kama 60, ukijumlisha majirani ambao ualike usialike watakuja, na wana haki yao. Chakula kakubali kaka mkubwa, pilau na mbuzi wawili. Mimi nimeangukiwa na keki na mapambo. Mchango ni elfu 25 kila mmoja, yaani laki moja kamili, nauli yangu haimo.

Nimeulizia keki ya ghorofa mbili hapa Dar, nimeambiwa laki na themanini bila usafiri. Nikashukuru, nikakata simu.

Nataka nipike mwenyewe, ila nina doa. Mwaka jana nilimpikia mwanangu keki. Iliiva vizuri tu, nikaipaka krimu ya Blue Band na sukari ya unga, asubuhi ikawa inapendeza kweli. Sasa kwetu ni bati tupu, hakuna dari. Ilipofika saa tisa alasiri krimu ikaanza kuteleza upande mmoja, taratibu, kama udongo wa ukingo wa mto. Likaondoka ua, zikafuata herufi mbili za mwisho za jina. Kwenye picha zote mtoto kaandikiwa jina nusu.

Nisaidieni mambo matatu. Krimu ya kuhimili joto la Tanga mwezi wa kumi na mbili. Nipikie Dar nipande nayo basi, au nipikie Muheza ambako kuna jiko la mkaa tu? Na uani nipambe na nini?

Mzee wa Kijiwe

Mama wa miaka 70 anataka hela mkononi, siyo maputo. Nunua keki ya elfu 30, zinazobaki mpe.

KitindaMimba

Hela anapewa pia mkuu, ipo bahasha. Keki ya elfu 30 kwa watu 60 itabidi tuigawe kama ekaristi.

Shangazi Kisosora

Mwanangu, naanza na basi kwa sababu hapo ndipo utakapolia. Usipande basi na keki iliyopakwa krimu. Barabara ina matuta, mwenzio wa kiti cha pili atalala akuegemee, na kondakta atataka kuiweka kwenye buti pamoja na magunia. Kama lazima upikie Dar, safiri na keki tupu, imepoa kabisa, umeifunga nailoni mbili, umeipakata. Keki ya siagi hiyo inakaa siku mbili tatu bila tabu, na siku ya pili inakatika vizuri zaidi. Ila mimi ningepikia huko huko. Sisi tumepika keki za harusi kwa mkaa kabla ya hizo oveni zenu.

Kipimo hakina siri, vyote uzito sawa. Unga nusu kilo, sukari nusu, siagi nusu, mayai kumi, beking pauda vijiko vitatu vya chai. Piga siagi na sukari mpaka rangi igeuke iwe nyeupe na ukisugua kwa vidole husikii chenga nyingi. Hapo ndipo watu wanapochoka mapema. Mayai tia moja moja. Ukiona mchanganyiko umekatika kama maziwa mgando, tupia kijiko cha unga, utarudi. Keki moja hiyo inalisha watu 30 kwa vipande vya adabu. Pika mbili.

Moto: chukua sufuria kubwa nene, tia mchanga mkavu uliochekechwa vidole viwili, funika, weka jikoni dakika kumi na tano upate joto. Ndani yake weka vijiwe vitatu, juu ya vijiwe ndiyo sufuria ya keki uliyoipaka siagi na unga. Funika, makaa juu ya mfuniko. Chini moto wa kubembeleza, juu ndiyo uwe mwingi. Nusu saa ya kwanza usifunue hata akija waziri. Kisha chomeka kijiti, kikitoka kikavu epua.

Krimu ningeiacha kabisa. Kwenu Muheza kuna machungwa, sijui kwa nini unalilia Blue Band. Menya maganda, kata nyuzi nyembamba, chemsha mara mbili ukimwaga maji uchungu utoke, halafu yaive kwenye shira mpaka yang'ae. Keki ikiwa bado ya moto itoboe kwa kijiti na umwagie shira hiyo iliyotiwa juisi ya chungwa. Hayo maganda panga juu. Hayayeyuki, nzi akija unamfukuza basi.

Keki za Ukweli

Shangazi yuko sahihi kwenye moto, kwenye krimu namkatalia kidogo. Sherehe bila krimu watu watasema mmeleta mkate. Tatizo lako, mleta mada, ni hiyo siagi: imetengenezwa ilainike haraka ipakike kwenye mkate, sasa unategemea isimame kwenye bati saa tisa. Fanya nusu siagi, nusu mafuta mgando ya mboga, yale meupe yasiyo na harufu. Robo na robo, sukari ya unga kilo moja, usiongeze maziwa, tone la vanila tu. Ladha inakuwa nzito kidogo lakini inashika. Paka jioni, weka beseni la maji chini ya meza na kitambaa kibichi pembeni, toa nje dakika za mwisho. Ukikwama njoo inbox nina bei nzuri.

Mzee wa Kijiwe

Nilijua tu inbox inakuja.

Mpambaji Uswazi

Dada, nazungumzia mapambo tu. Kosa la wenye bajeti ndogo ni kutawanya. Puto moja hapa, riboni kule, mwisho uani panaonekana kama duka limepigwa na upepo. Chagua ukuta mmoja, upana wa mita tatu, mbele yake weka kiti cha mama na meza ya keki. Picha zote zitapigwa hapo. Kwingine fagia, mwagia maji vumbi litulie, basi.

Ukutani ning'iniza kitambaa cheupe, mita sita, acha kikunjamane usikivute. Usihangaike na gundi ya karatasi kwenye ukuta wa chokaa, itabanduka na chokaa lake. Piga misumari miwili, funga kamba, tundika kama pazia.

Maua tengeneza ya tishu za mezani. Panga nane, zikunje kama feni, mkunjo upana wa kidole, funga uzi katikati kwa nguvu, kata ncha ziwe duara. Halafu fungua ngozi moja moja kuelekea juu, polepole, zinachanika. Ukitaka rangi, chovya ncha kwenye maji mazito ya choya kabla hujafungua na uache zikauke. Maua ishirini na tano yanajaza ukuta. Wape watoto, jioni moja yameisha.

Maputo usijaze mpaka yang'ae. Ukiyajaza asubuhi na ubaridi, adhuhuri hewa ya ndani inatanuka na utasikia risasi. Jaza robo tatu, yaweke kivulini, epuka meusi na yale ya rangi nzito, yanavuta joto.

Binti Maramba

Kama kitambaa ni ghali tumia chandarua cheupe, sisi tulifanya kwenye kitchen pati ya dada yangu, kilipendeza mno.

Mpambaji Uswazi

Chandarua hapana jamani. Kwanza ni cha kulalia, malaria haijaisha. Pili vile vya kliniki vina dawa ya kuua mbu, unakitundikaje juu ya keki? Nenda kwa wauza vitambaa uulize neti ya kushonea shela, bei ni ya kawaida.

Shangazi Kisosora

Na langoni weka makuti mabichi, yapasue katikati, pinda upinde pande mbili. Mtu akipita barabarani tu anajua hapa kuna shughuli. Yakatwe asubuhi ile ile, kesho yake yamesinyaa. Mama msukie kikuba: asumini, rehani, na mkilua mkiupata. Vichume vikiwa vichanga jioni, vifungie kwenye kitambaa kibichi, usiku vitafunguka vyenyewe.

KitindaMimba

Shikamoo shangazi. Nimeandika kila kitu kwenye daftari. Nitajaribu keki moja ndogo kwanza hapa Dar.

Shangazi Kisosora

Marahaba. Usile peke yako.

KitindaMimba

MREJESHO

Tumerudi salama. Nilisafiri na viungo, keki nimepikia kwa mama, tarehe 27 mchana. Ya kwanza ilitoka kama picha. Ya pili mpwa wangu aliona moto wa chini mdogo, akanihurumia, akaongeza makaa wakati nimekwenda kisimani. Chini iliungua unene wa kidole. Niliikata hiyo sehemu kwa kisu cha mkate, ikawa ndiyo ya chini, nikaifunika na maganda ya chungwa. Hakuna aliyejua, na sasa mnajua nyinyi.

Krimu nimewasikiliza wote wawili. Nilitengeneza ile ya mafuta mgando, lakini nusu ya kipimo, nikapaka juu tu na kuandika 70. Ubavuni shira na maganda. Keki imekaa chumbani kwa mama na beseni la maji mpaka saa kumi. Saba ilisimama imara, sifuri ililegea kidogo kwa chini ikawa kama yai. Maganda watoto waliyamaliza kabla kisu hakijafika.

Niliogopa ukuta kuliko keki. Watoto walitengeneza maua thelathini na kitu, mengine yana vichwa vikubwa kama kabichi, yote yakatundikwa kwa sababu kila mmoja alikuwa analijua la kwake. Maputo manne tu yalipasuka. Mama alikaa pale kwenye kiti na kikuba chake, akaambiwa akate, akauliza, "Yote hii ni yangu?" Kisha akakataa kukata palipoandikwa 70. Alianzia pembeni, na kile kipande chenye namba akakifunika na kawa akakipeleka ndani mwenyewe.

Hesabu: keki zote mbili na mkaa elfu 46, kitambaa elfu 21, tishu, maputo, uzi na misumari elfu 14 na mia tano. Imebaki elfu 18 na mia tano, ambayo kaka wa pili anasema igawanywe kwa nne.

Mzee wa Kijiwe

Hapo kwenye "yote hii ni yangu" umenimaliza. Nafuta ushauri wangu.

Shangazi Kisosora

Picha iko wapi?

KitindaMimba

Shangazi, mpiga picha alikuwa kaka mkubwa. Kidole chake kimo kwenye zote.