Mkabaji wa ndani wa raundi za mwisho kwenye drafti ya NFL: mnampimaje?

mdau_pasua (Moshi)

Wakuu habari za jioni. Hapa Moshi tuna ligi yetu ndogo ya kutabiri drafti, pale timu za futiboli ya Marekani (NFL) zinapochagua wachezaji wa vyuo kwa raundi saba. Kila mtu anaandika jina moja la mchezaji anayetegemewa kwenda raundi ya tano kushuka chini, halafu tunamfuatilia misimu miwili. Akibaki kwenye kikosi cha wachezaji 53 unapata pointi, akipewa nafasi uwanjani zinaongezeka. Majina yanafungwa kabla ya drafti, hakuna kubadilisha.

Mimi nimempenda mkabaji mmoja wa ndani, wale majitu wanaosimama uso kwa uso na gadi na senta, wazuiaji wa katikati wa timu yenye mpira. Jina nalibana, washindani wangu wamejaa humu. Chuo kidogo, futi 6 na inchi 1, kilo 130 na ushee, mikono mifupi. Ndiye aliyeongoza timu yake kwa kuwaangusha makwotabeki (warusha mpira), lakini majaribio ya Indianapolis, ambako timu zote huwapima wachezaji kabla ya drafti, hakuitwa. Nina video za mechi zake chache nzima, zilizobaki ni vipande vya kusifia tu vyenye muziki juu.

Niangalie nini? Bro wangu anasema mfupi hafai nafasi ile. Nikamtajia Aaron Donald, mfupi aliyetamba nafasi hiyohiyo, akacheka mpaka akapaliwa.

namba3_njiro (Arusha)

Alikuwa na haki ya kucheka. Donald alikwenda wa 13, raundi ya kwanza, 2014. Huyo kila mtu alimwona. Ukitaka kumnyamazisha bro mtajie Geno Atkins: urefu huohuo wa mtu wako, timu ya Bengals walimchukua raundi ya nne 2010, wa 120, akaitwa Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi, mara nane. Au Grady Jarrett, timu ya Falcons, raundi ya tano 2015, wa 137. Super Bowl ya Februari 2017 alimwangusha kwotabeki Tom Brady mara tatu, akafikia rekodi ya fainali hiyo. Ila timu yake ilikuwa inaongoza 28-3 ikaishia kufungwa 34-28, kwa hiyo nani anamkumbuka?

Mimi nimecheza raga mstari wa mbele hapa Arusha mpaka shingo ikagoma, kazi ya kusukumana naijua kwa maumivu. Kwa mtu wa raundi ya sita usijiulize kama atakuwa Atkins. Jiulize hivi: kocha ana wakabaji watano wa ndani, je, wako anaweza kufanya nini Jumapili ambacho wa nne hawezi? Hawa watu hupokezana, hakuna mwenye kilo 130 anayesukumana mechi nzima bila kuzimika. Mgeni ataingia kwa mipira kumi na tano katika mechi, ishirini ikizidi. Akiwa na kazi moja anayoifanya vizuri sana, anabaki. Akiwa wa wastani kwenye kila kitu, Agosti vikosi vikipunguzwa anafungasha.

Zile idadi za kuangusha kwotabeki ziweke pembeni kwanza. Irudie moja moja polepole. Je, alimpiga chenga gadi, au kwotabeki alikimbizwa kutoka pembeni akaja kumwangukia yeye? Hesabu muda tangu senta aachie mpira. Zikipita sekunde nne hiyo ni zawadi. Lakini ukimwona amempita mtu ndani ya sekunde mbili na nusu na mpira ukatupwa hovyo, andika, hata kama kwenye takwimu hakuna kitu. Hiyo ndiyo inayolipwa.

Halafu achana kabisa na mpira. Mwangalie anapokabwa na wawili. Gadi na senta wanamjia kwa pamoja, je, nyonga zake zinashuka au kifua kinanyanyuka? Nenda soko la Kilombero uwatazame wapakizi wa magunia: hakuna anayeinua kwa mgongo ulionyooka akamaliza siku. Mfupi hapa ana faida, tayari yuko chini ya pedi za mabega za mwenzake, basi asiitupe kwa kusimama wima kila mpira unapoanza.

sanawari_fizio (Arusha)

Namba3 kaeleza vizuri ila karuka umri. Baada ya corona vyuo vya Marekani viliongeza mwaka wa kucheza, na tangu hapo tumeona wengi wanaingia drafti wakiwa na miaka 24. Mwanaume wa 24 anayemburuza kijana wa 19 kwenye chuo kidogo hajakuonyesha kitu. Tafuta mechi aliyocheza na chuo kikubwa, hata kama walifungwa vibaya. Hiyo moja ina thamani kuliko hizo nyingine zote.

Na mikono mifupi, mdogo wangu, tatizo lake ni hili: gadi anamfikia kifuani kabla yeye hajamfikia. Dawa yake ni kasi ya viganja. Simamisha video pale wanapogusana tu, uone mikono ya nani iko ndani. Asipoipata ndani mara nyingi, mbio zake hazitamsaidia.

Kama Indianapolis hakuitwa, chuo chake bado kitafanya siku yake ya majaribio. Kubenchi ratili 225 kusikutishe. Mwenye mkono mfupi anasukuma chuma umbali mdogo, lazima arudie mara nyingi. Wewe tafuta muda wa yadi 10 za kwanza za zile mbio za yadi 40. Sekunde 1.7 na kidogo kwa mtu mzito hivyo ni nzuri. Yadi 30 zinazobaki hatazikimbia labda akidaka mpira kwa bahati.

kiborloni_fc

Mngeangalia Simba na Yanga mngekuwa mnalala mapema.

mdau_pasua

@kiborloni_fc raundi ya kwanza kweli ni saa tisa usiku, ila raundi ya nne mpaka ya saba zinaanza Jumamosi saa moja jioni kwa saa zetu. Unakula ndizi zako huku unaangalia.

Nimerudia, bando limeteketea. Ile mechi na chuo kikubwa ipo. Robo ya kwanza walimwendea wawili mara kwa mara, na mara mbili nimeona goti lake la kulia limegusa nyasi, senta anamlalia. Lakini walipomwacha na gadi mmoja, jamaa hashikiki. Kuna mchezo mmoja mpira haujaacha vizuri mkono wa senta yeye mguu wake wa kwanza umeshavuka mstari, gadi amebaki anakumbatia hewa. Robo ya nne anasimama wima, amechoka.

namba3_njiro

Sasa umeona kitu. Huyo ni mtu wa mwanya mmoja, yaani nafasi moja kati ya wazuiaji wawili. Timu inayomwambia "pita hapa, mengine waachie wenzako" itamtumia. Timu inayotaka mkabaji wa ndani asimame alinde mianya miwili itamkata, na haitakuwa imekosea. Kazi hiyo ni ya watu kama D.J. Reader. Naye alikuwa raundi ya tano, 2016, wa 166, akakaa katikati anawamaliza wawili huku wengine wanasifiwa, na 2020 Bengals wakampa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 53. Wako hana mwili huo na kumnenepesha ni kumnyang'anya ule mguu wa kwanza.

Uchovu wa robo ya nne usikutoe jasho. Chuo kidogo hawana wa kumpokea, anacheza karibu kila mpira. Huko juu atapumzishwa.

Shida ni kanuni zenu, mnafunga majina kabla hamjajua kaenda wapi. Tafuta basi nani kamwalika. Kila timu inaruhusiwa kuwaita wachezaji 30 makao makuu yake kabla ya drafti, na kumpa moja ya hizo nafasi mtu ambaye hakufika Indianapolis si adabu tu.

sanawari_fizio

Ila mwaliko mwingine ni wa madaktari. Hakuitwa Indianapolis, maana yake goti na bega lake timu nyingi hazijayashika. Angalia kama aliwahi kukosa msimu.

Na uliza wenzako kama kikosi cha mazoezi, wale wa akiba nje ya 53, kinahesabiwa. Nafasi ziko 16, na watu wa aina hii ndiko wengi wanakoanzia.

mdau_pasua

Msimu hajakosa hata mmoja. Mialiko nimeona miwili inatajwa, mmoja ni wa timu ya mwanya mmoja iliyoachana na wakabaji wake wawili mwezi Machi. Kikosi cha mazoezi kwetu ni nusu pointi. Namwandika leo usiku.

namba3_njiro

Andika. Na bro umwambie Jarrett, asikutoroke.