Pikapu ya oto inatetemeka kati ya 60 na 80, nimeambiwa "ndivyo zilivyo"

fundi_bomba

Wakuu, habari za leo. Mimi ni fundi bomba, si fundi magari, kwa hiyo nikikosea jina la kitu mnivumilie.

Nina pikapu ya milango minne, ya petroli, oto ya gia 8. Niliinunua mpya, leo ina kilomita 41,000. Juu kwenye keria nabeba ngazi ya alumini, na ngazi hiyo ndiyo iliyonishtua. Miezi mitatu iliyopita ilianza kulia. Sisemi ule mgongano wa kwenye mashimo, ule nimeuzoea. Huu ni mlio mwembamba, trrrrr, sekunde mbili tatu, kisha kimya. Nikaikaza kwa mipira, wapi. Siku moja nikaishusha kabisa nikaondoka bila ngazi, ndipo nikajua kwamba gari lenyewe ndilo linalotetemeka. Ngazi ilikuwa mpiga mbiu tu.

Hali yenyewe ni hivi: barabara tambarare, mwendo 60 hadi 80, mguu umegusa mafuta kidogo tu. Ghafla ni kama napita kwenye rasta, na lami ni laini kabisa. Maji kwenye chupa niliyoiweka pembeni ya kiti yanapiga viduara vidogo katikati. Mshale wa mizunguko unacheza kati ya 1,400 na 1,500. Nikikanyaga kwa nguvu, unaisha. Nikiachia mafuta, unaisha. Asubuhi gari likiwa baridi karibu haupo, lakini baada ya nusu saa ya safari unakuja wenyewe. Taa ya injini haijawahi kuwaka.

Nimeshafanya wili balansi mara mbili na kuweka plagi mpya zote. Kilichobadilika ni mfuko wangu. Karakana ya walioniuzia wakaliendesha dakika tano kuzunguka jengo, wakarudi wakasema "gari hizi ndivyo zilivyo." Mimi nikimwambia mteja bomba linalovuja ndivyo lilivyo, nitafukuzwa na spana zangu.

Waranti imebaki miezi saba. Je, hii ni nini? Na nikibadilisha oili ya giaboksi mwenyewe, nitakuwa nimejiharibia?

gia_tano

Uza, nunua manyuali. Mimi klachi yangu naisikia kwa mguu, sihitaji kompyuta inisaidie kubadili gia.

krosi_na_propela

Mkuu, usikimbilie giaboksi. Pikapu ina propela ndefu, ile shafti inayopeleka nguvu nyuma, na krosi, yaani kiungo chake, ikilegea inatikisa hivyo hivyo kwenye mwendo fulani. Ingia chini, shika propela izungushe kwa mkono huku na huku, uone kama krosi inacheza. Angalia pia maunti za giaboksi, mpira ukipasuka gari zima linahisi. Mimi nilihangaika na mtetemo kama huo mwaka mzima, kumbe ni krosi ya nyuma.

boksi_wazi

Mkuu fundi bomba, nafungua magiaboksi kila siku na nimefurahi namna ulivyoeleza. Watu wengi wanakuja na "gari inatingishika," basi. Wewe umetaja mwendo, mguu, joto na mshale, na kwa hayo manne nusu ya kazi imeisha.

Krosi si wazo baya, lakini krosi na tairi hufuata mwendo wa gari. Zingetetemeka kwenye 70 hata ukiwa umeachia mafuta, na zisingejali kama oili imepata moto. Kwako mtetemo unakuja mguu ukiwa mwepesi na boksi likiwa na moto. Ninachokishuku ni klachi iliyo ndani ya toki konveta.

Ndiyo, gia_tano, oto nayo ina klachi. Kati ya injini na giaboksi kuna konveta, ambayo ndani yake kuna mapangaboi mawili yanayotazamana kwenye oili. La injini linasukuma oili, na oili inalizungusha la giaboksi. Ndiyo maana unaweza kusimama kwenye taa gia ikiwa imeingia na injini isizime. Lakini oili haishiki kama chuma: la pili siku zote linabaki nyuma kidogo, na tofauti hiyo inageuka joto na mafuta yaliyopotea. Kwa hiyo ukishatulia barabarani, kompyuta inabana klachi ndogo ndani ya konveta ili pande mbili ziende pamoja.

Magari ya zamani yalibana kwenye gia za juu tu. Haya mapya ya gia 8 au 10 yanabana mapema, kwenye gia za chini, ili kuokoa mafuta. Na mara nyingi hayabani moja kwa moja: kompyuta inaiacha klachi iteleze kwa makusudi, mizunguko michache tu, ili mapigo ya injini yasikufikie kwenye kiti. Yaani klachi inafanya kazi ya kuteleza muda mrefu sana kila siku, na kinachoifanya iteleze kwa ulaini ni dawa zilizochanganywa ndani ya oili.

Sasa chukua kiti cha mbao ukikokote kwenye sakafu. Kuna namna kinateleza, na kuna namna kinarukaruka, dududududu, kinashika na kuachia. Oili ikichoka, ikiingiwa na unyevu, au ikiwa si aina yake, klachi inafanya hivyo hivyo, mara nyingi kwa sekunde moja. Hiyo ndiyo rasta yako. Ukikanyaga kwa nguvu kompyuta inaachia klachi au inashusha gia, na ukiachia mafuta mzigo unaondoka. Ndiyo maana kote kuwili unaisha.

Jaribio: tafuta barabara tupu, bila gari nyuma yako. Shika 70, usubiri mtetemo. Ukija, bila kubadili mguu wa mafuta, gusa breki kwa mguu wa kushoto, kiasi cha kuwasha taa za nyuma tu. Gusa! Ukikandamiza, gari jipya litakata mafuta na jaribio halitakuambia kitu. Isitoshe, mguu wa kushoto usiozoea breki ni mzito kuliko unavyodhani. Kompyuta ikiona breki inaachia klachi ya konveta. Mtetemo ukikatika hapo hapo na mshale ukapanda kidogo, umempata mwizi. Ukiendelea, rudi kwenye injini inayomisi au kwa mkuu wa krosi.

Usibadilishe oili mwenyewe waranti ikiwa hai. Maelezo mengine nitakupa ukileta majibu.

mama_wa_pikapu

Kaka, pole. Mimi yangu ilianza kwenye 30,000 na kitu, maneno yale yale, "ndivyo zilivyo." Kosa langu nilikubali kuflashiwa, yaani oili ya giaboksi kusukumwa nje kwa mashine, kwa mtu wa pembeni, akaweka oili ya "inafaa gari zote." Ilikuwa nyekundu kama ile ya mwanzo, nikaridhika. Wiki mbili laini, halafu ikarudi mbaya kuliko mwanzo. Nilipowapelekea wenye waranti, swali la kwanza: "Hii oili nani ameweka?" Hapo sikuwa na la kujibu.

fundi_bomba

Dada, nimekusikia, sigusi kitu.

Majibu ya jaribio. Nimetoka jana saa 12 asubuhi, barabara ikiwa nyeupe. Nusu saa ya kwanza kimya. Nikaanza kufikiri kwamba gari limesoma huu uzi likaogopa. Halafu kwenye 68, trrrr. Mara ya kwanza mguu wangu wa kushoto ulifanya kama ulivyosema, kofia yangu ikaruka mpaka kwenye kioo cha mbele. Mara ya pili niligusa vizuri. Mtetemo ulikatika kama mtu amezima swichi, mshale ukapanda kutoka 1,450 hadi karibu 1,650. Nikaachia breki, sekunde chache ukarudi. Nimerudia mara sita, zote sawa. Na propela nimeizungusha kwa mkono, krosi hazichezi.

boksi_wazi

Hiyo ni konveta, sina shaka. Na kofia imepona?

Sasa waranti. Usirudi kusema "gari inatetemeka." Waandikie: mwendo, gia, mizunguko, oili ikiwa na moto, na kwamba ukigusa breki unakatika. Omba muingie garini wote wawili, wewe uendeshe, fundi wao akae pembeni na mashine ya kusoma data. Si kodi, yaani zile namba za hitilafu, maana tatizo hili mara nyingi halizitoi kabisa. Asome tofauti ya mizunguko kati ya injini na shafti inayoingia kwenye giaboksi. Klachi yenye afya inashikilia tofauti ndogo iliyotulia. Yako itaonekana inaruka, juu chini juu chini, pale pale unapohisi. Muendeshe mpaka boksi lipate moto. Dakika tano kuzunguka jengo hata mimi nisingeona kitu.

Kisha waulize kwa namba ya chasisi: je, kuna taarifa ya kiufundi ya mtengenezaji kuhusu mtetemo huu? Watengenezaji huzitoa kwa karakana zao, wakitaja dalili, oili mpya wanayotaka iwekwe au programu ya kupakia. Wengine hawazitafuti mpaka waulizwe. Na kila ukienda, chukua karatasi yenye tarehe, kilomita na lalamiko lako, hata wasipofanya kitu. Waranti ikiisha katikati ya ugomvi, karatasi hizo ndizo zitakazoonyesha kwamba ulilalamika mapema.

Kuhusu oili, ujue ili usidanganywe. Ukifungua nati ya chini hutoi yote, nyingi inabaki ndani ya konveta. Kwenye boksi la lita 10 unaweza kupata 4. Ukitoa 4 na kuweka 4 mara tatu, ya zamani bado inabaki lita 2 na kidogo. Kwa hiyo kumwaga mara moja kunapunguza tu ugonjwa. Na boksi nyingi mpya hazina kijiti cha kupimia: kipimo kinachukuliwa gari likiwa sawasawa, injini inanguruma, oili ikiwa kwenye joto lililoandikwa kwenye kitabu. Ikipimwa baridi, umejaza kwa kubahatisha.

Waambie wakuonyeshe sumaku ya ndani ya sampo, yaani bakuli la oili chini ya giaboksi. Tope laini la kijivu si tatizo, huo ni ulaji wa kawaida. Vipande unavyoweza kuokota kwa kidole, hapo hatuzungumzii oili tena. Na oili ikitoka kama maziwa ya pinki, maji ya rejeta yameingia. Huo ni msiba mwingine kabisa, yanabandua karatasi za klachi, yaani ule utando wake unaoshika.

gia_tano

Sawa, nimejifunza. Bado manyuali.

fundi_bomba

Naleta mrejesho, samahani kwa kuchelewa.

Nilikwenda na barua. Fundi kijana, mtu wa heshima, alikaa na kompyuta mapajani dakika 40. Ulipokuja mtetemo hakusema neno, aligeuza tu skrini nione: mstari uliokuwa umelala ukawa kama meno ya msumeno. Tuliporudi aliingiza namba ya chasisi, taarifa ikatoka, kumbe ilikuwepo siku zote. Wamebadilisha oili kwa aina mpya iliyotajwa, wakarudia kumwaga na kujaza, wakafuta kumbukumbu za kompyuta ya giaboksi ili ijifunze upya. Sumaku niliiona: tope tu, hakuna vipande. Oili ya zamani ilikuwa kahawia, inanuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Sikulipa kitu.

Siku mbili za kwanza gia ziliingia kwa kugonga gonga, na mtetemo ulikuwepo kidogo. Nikakata tamaa. Leo nina kilomita 600 tangu siku hiyo na chupa ya maji imetulia.

boksi_wazi

Kugonga ni kujifunza, na klachi inahitaji kilomita mia kadhaa mpaka oili mpya iingie vizuri kwenye karatasi zake. Lakini usitupe makaratasi. Mtetemo ukirudi kabla ya miezi saba ya waranti kuisha, usikubali oili ya tatu, dai konveta mpya, na wasafishe kipoza oili pamoja na mabomba yake, maana uchafu wa konveta ya zamani hukaa humo ukisubiri mpya.

fundi_bomba

Mabomba ya kusafisha hapo nitasimamia mwenyewe. Ngazi nimeirudisha juu, bila mipira, makusudi. Ikianza trrrr tena nitaisikia kabla ya mguu wangu.

mama_wa_pikapu

Kaka, nitumie inbox maneno ya hiyo barua.